Rangi Hutazamwa Mlangoni

Jumamosi asubuhi duka la rangi hugeuka uwanja wa fujo. Mafundi ujenzi wanagombania kaunta, wapakiaji wanapita na mifuko ya saruji mabegani wakipiga kelele "Njia! Njia!", na mashine ya kutikisa makopo inanguruma mpaka mtu hasikii anachosema mwenyewe. Katikati ya vurugu hiyo alisimama msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, gauni la zambarau limemkaa sawasawa na kilemba cha njano kichwani. Mkononi alishika kipande cha plasta ya ukuta kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba yai.

"Nataka rangi kama hii," alimwambia mchanganya rangi. "Sitaki inayokaribiana. Hii hii."

Mchanganya rangi, ambaye dukani na mtaani aliitwa Bwana Rangi tu, alikuwa ameletewa vipande vya namna hiyo mara elfu, na kila mara alikitazama kipande kwanza. Siku hiyo alitazama uso. Aliutazama mpaka fundi mmoja kwenye foleni akakohoa.

"Kaka, rangi iko mkononi, haiko usoni," msichana alisema.

"Samahani, dada. Nimeiona."

Hakuwa ameiona hata kidogo. Akakichukua kipande, akachanganya, akapaka tone kwenye kadi na kuiweka kando ya plasta. Zikalingana kabisa. Msichana akafungua mkoba.

"Ngoja," alimzuia. "Rangi hainunuliwi kwa taa ya duka. Twende mlangoni."

"Na watu hawa wote?"

"Watangoja. Taa za humu ni waongo wakubwa. Kuna watu wamepaka nyumba nzima ndipo wakaja kunilaumu mimi."

Mlangoni, juani, kadi ikaonyesha ukijani ambao ndani haukuwepo. Msichana alifungua mdomo, kisha akacheka kicheko cha kutoka tumboni.

"Kumbe! Ningeumbuka kazini."

"Ndiyo maana nakuleta hapa. Humu ndani hata mimi naonekana mzuri."

"Na hapa nje?"

"Hapa nje useme wewe."

Akamkagua bila haraka: shati lenye matone ya rangi sita saba, kalamu sikioni, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha. "Hapa nje una macho mabovu," alisema. "Njoo duka la miwani, mtaa wa pili. Kipande hiki ni cha ukuta wetu. Ukija kuupaka, nitakutazama hayo macho."

Alikwenda Jumatatu. Ukuta wenyewe ungeweza kumalizwa kwa siku moja, lakini yeye aliupaka siku tatu, na wenye macho wakaelewa.

Msichana alikuwa fundi wa miwani. Kazi yake ilikuwa kukata lenzi na kuzipachika kwenye fremu, na alikuwa mkali kwa mambo ya macho kuliko madaktari wenyewe. Hakuchukua muda kujua wekundu ule umetoka wapi. Bwana Rangi alikuwa na kamera ya mtumba. Siku za mapumziko alipiga picha za sura za watu, kwa kupenda tu, kisha jioni nzima aliinamia simu akizirekebisha.

"Lete hiyo simu," fundi miwani aliamuru. Akabonyeza hapa na pale. "Nimeitega. Kila ikifika saa kumi na mbili jioni, kioo kitageuka cha njano na kufifia. Macho yatapumzika."

"Ahsante, daktari wangu."

"Mimi si daktari, ni fundi."

"Fundi wangu, basi."

"Nani kakwambia ni wako?" Lakini alikuwa akitabasamu.

Jicho ni kiumbe cha kuzoea. Siku mbili za kwanza Bwana Rangi aliiona njano ile. Baada ya wiki hakuiona tena, wala hakuikumbuka. Macho yakaanza kupoa, na moyo ukaanza kuchemka.

Simu zikawa hazikatiki. "Umekula?" "Nimekula. Wewe?" "Siwezi kula bila kukusikia." "Muongo! Nasikia unatafuna." Wakati mwingine hakuna aliyekuwa na la kusema, na bado hakuna aliyekata. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kwa mwezi mmoja mtaa mzima ulikuwa umewasikia wakikohoa.

Hapo ndipo dada mkubwa wa Bwana Rangi alipoingia. Dada huyu ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, akamsomesha, na neno lake nyumbani lilikuwa sheria. Akasema: Jumapili ijayo wajomba na shangazi watakuja kwangu, mlete huyo mtu wako tumwone, na picha yake nzuri uitundike sebuleni kwangu kama ilivyo desturi yetu.

Ukuta wa dada ulijaa picha, moja kwa kila aliyeingia katika ukoo ule. Kutundikwa pale kulikuwa ndiko kukubaliwa.

Alhamisi mchana Bwana Rangi alifika chumbani kwa fundi miwani na kamera, shuka jeupe, na kadi ndogo ya kijivu.

"Hii nimeichanganya mwenyewe dukani," alisema akimpa kadi. "Nyeusi na nyeupe, nikaongeza hii, nikapunguza ile, mpaka hakuna iliyomshinda mwenzake. Ishike chini ya kidevu kwenye picha ya kwanza. Baadaye nikiitazama kadi nitajua kama rangi zimekaa sawa. Kijivu kikiwa kijivu, na wewe utakuwa wewe."

"Mbona unazima taa?"

"Taa ina njano yake, dirisha lina buluu yake. Nikiziacha zote mbili zitagombana usoni kwako. Tubaki na dirisha. Na usiegemee ukuta, kijani chake kitakurukia shavuni."

Akatundika shuka kwenye kiti upande wa pili ili mwanga wa dirisha urudi kwenye shavu lililokuwa kivulini. Kisha akazungusha kitufe cha kamera.

"Ikijiendesha yenyewe inaona sura nyeusi, inadhani kuna giza, inamwaga mwanga kupita kiasi. Kwa hiyo leo naiendesha mimi."

Msichana alikaa, kadi chini ya kidevu. Alikuwa amevaa gauni jeupe lililoacha mabega wazi, na mwanga wa dirisha ulimteleza begani kama mafuta.

"Nikwambie kitu?" alisema. "Mwanamume niliyekuwa naye kabla yako, siku yangu ya kuzaliwa aliniletea zawadi ndani ya karatasi ya kung'aa. Nikafungua kwa furaha. Kopo la krimu ya kujichubua. Akasema, 'Paka taratibu, mpenzi, utapendeza zaidi.' Nikamrudishia kopo lake na pete yake. Nikaapa kwamba mwingine akinifanyia hivyo sitauliza maswali."

"Mimi?"

"Wewe nipige kama nilivyo. Ukinichubua hata kwenye karatasi, tumeachana."

"Mpenzi wangu, hiyo rangi ndiyo iliyonifanya nisahau kipande chako cha plasta."

Walicheka, wakapiga picha arobaini. Mambo yangeishia hapo yangekuwa mazuri. Lakini simu ikalia wakati Bwana Rangi anakunja shuka, mikono imejaa, akaibonyeza kwa kidole kimoja na kuiweka spika.

"Mdogo wangu!" Ilikuwa sauti ya dada. "Leo nimepita pale duka la miwani asubuhi, nikamchungulia mtu wako kimyakimya. Ana adabu, umbo analo. Sema weusi ule, jamani! Mtafutie kakrimu kidogo apunguze kabla ya Jumapili. Si unaijua midomo ya shangazi zako?"

Shuka likamponyoka. Alikimbilia simu, akaizima spika, akaipeleka sikioni. Na hapo ndipo alipoharibu. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Badala yake alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayeogopa mkubwa wake, akasema, "Sawa, dada. Tutaongea."

Fundi miwani alikuwa akivaa viatu. Hakuinua kichwa.

"Dada yangu ana maneno," Bwana Rangi alisema. "Usimjali, laazizi."

"Sijasema kitu."

Kweli hakusema kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mwanamume akishaamua kwamba mambo yameisha hasikii mshindo wowote.

Jioni ile ile, saa moja, Bwana Rangi aliketi kitandani na kuhamishia picha kwenye simu. Akachagua ile bora kuliko zote. Akaitazama kwanza ile yenye kadi. Kijivu kilikuwa na unjano. Ajabu, alijisemea, labda nilikosea kitu. Akapunguza unjano mpaka kijivu kikawa kijivu, akafanya vivyo hivyo kwenye ile bora. Uso nao ulikuwa umefifia, akaongeza mwanga, akaongeza tena. Alifanya kazi kwa upendo, kama fundi anayemshonea mamake. Kioo cha simu kilikuwa cha njano kama kilivyotegwa, naye alikuwa amekizoea kama alivyozoea kupumua.

Ijumaa mchana alikwenda kuichapisha, kubwa, ya kutundika. Mchapishaji aliitoa chini ya taa zake za darini, akaitia ndani ya bahasha na kuifunga. Bwana Rangi hakuifungua. Alitaka waione pamoja kwa mara ya kwanza. Mtu yule aliyewatoa wateja mlangoni kwa kipande cha plasta alibeba uso wa mpenzi wake ndani ya bahasha, mbio, mpaka mtaa wa pili.

Fundi miwani alitoka na koti lake jeupe la kazi. Alipasua bahasha palepale kizingitini, jua la saa nane likimwagika.

Akaigeuza picha nyuma, akairudisha mbele.

"Huyu nani?" aliuliza hatimaye.

Bwana Rangi alichungulia. Karatasini alikuwepo mwanamke mwenye pua ile, midomo ile, mabega yale, na ngozi iliyopauka kama ya mtu aliyetoka hospitali.

"Hii... hii siyo niliyoitengeneza."

"Nani kaitengeneza?"

"Ni mimi, lakini..."

"Sawa, dada. Tutaongea," msichana alimwigiza. "Kumbe mlishaongea. Kopo mmeogopa kuniletea, mkanipaka krimu kwenye karatasi ili nifae ukuta wa dada yako."

"Mpenzi, nisikilize."

"Nilikwambia sitauliza maswali, na tayari nimeuliza mawili." Akamrudishia picha. "Kamwoneshe shangazi yako huyo. Jumapili umpeleke yeye."

Mlango wa kioo ukafungwa.

Alipiga simu mara kumi na moja jioni ile. Haikupokelewa hata moja. Aliandika, "Naomba dakika moja tu." Ujumbe ukasomwa, jibu halikuja. Fundi miwani naye hakulala vizuri kama alivyojidai. Aliiweka simu chini ya mto, na kila ilipotikisika moyo ulimtikisika, akajichukia kwa hilo.

Jumamosi, kazini, Bwana Rangi alikosea makopo matatu. Mchana alitoa kamera mlangoni, akaitazama picha ya asili kwenye kioo chake kidogo: rangi yake, yeye mwenyewe, sawasawa. Akafungua simu: yule mgonjwa. Akarudia mara nne. Kamera haikukosea, na mchapishaji alichapa alichopewa. Katikati palibaki kitu kimoja tu, mkono wake. Akakumbuka kidole kikiongeza mwanga, kikiongeza tena. Nilikuwa nafikiria nini? Swali hilo lilimtisha kuliko mlango uliofungwa.

Aliingia duka la miwani dakika chache kabla ya kufunga. Fundi miwani alikuwa peke yake, anafuta mashine ya kusagia lenzi iliyokuwa safi tayari.

"Tumefunga."

"Sikuja kununua. Nimekuja kukiri."

Fundi miwani akasimamisha kitambaa. Alikuwa amejiandaa kwa viapo na machozi. Kukiri hakukuwemo.

"Tazama kamera. Nilikupiga kama ulivyo." Akaiweka kaunta. "Halafu nikakuharibu kwenye simu. Nimetafuta sababu tangu jana, sijaiona. Naapa sikukusudia. Lakini siwezi kukuapia kwamba maneno ya dada hayakuwa kichwani mwangu mkono ukiwa kazini. Labda yalikuwepo. Sijui. Nisingependa uolewe na mtu anayekudanganya kwa jambo hilo."

Msichana alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Kwa nini hukumjibu?"

"Nilimwogopa. Amenilea."

"Na mimi hukuniogopa?"

"Nilijua wewe utanielewa."

"Ndivyo mlivyo!" Alisimama tena. "Anayewakaripia mnamjibu kwa heshima, anayewapenda mnamwachia kazi ya kuelewa. Nimechoka kuelewa. Lete hiyo simu niione hiyo sumu kwa mara ya mwisho, kisha uifute mbele yangu."

Akampa. Msichana aliishika, mgonjwa yule akimtazama kutoka kiooni, ngozi ya majivu, kidole chake tayari kwenye alama ya kufuta.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili kamili. Kioo kikafifia. Njano ikaingia polepole, na usoni mwa yule mgonjwa damu ikarudi. Mashavu yakaiva, mabega yakakolea, mpaka ndani ya simu akawa ameketi yeye, na rangi yake yote.

Fundi miwani aliweka mkono wake kando ya kioo. Ngozi na picha vililingana kabisa.

"Uliirekebisha saa ngapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Saa moja jioni. Kwa nini?"

"Na hukuona kwamba simu ni ya njano?"

"Njano gani?"

Akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. "Njano niliyokutegea mimi, mjinga wewe! Eti nakuponya macho. Ukaona kadi imekuwa njano, ukaiondoa. Ukaona giza, ukaongeza mwanga. Ulikuwa unanitafuta mimi, na dawa yangu ndiyo iliyokupoteza."

Bwana Rangi alilazimika kushika kaunta. Tangu mchana alikuwa ameubeba moyo wake kama mtuhumiwa.

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nusu." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Nusu ya picha nimeimeza mimi. Ile nusu ya spika bado iko mezani."

Akampa simu. Hakumwambia afanye nini, na safari hii Bwana Rangi hakuhitaji kuambiwa. Alipiga, akaiweka spika, akailaza kaunta.

"Mdogo wangu! Nyumba nimeshaipamba. Vipi, ulimtafutia kile kitu?"

"Dada, wewe kwangu ni mama. Lakini neno lile sitaki kulisikia tena, kwako wala kwa shangazi. Rangi yake haina kasoro. Kasoro ilikuwa ulimi wangu, ulinyamaza. Kama hatakiwi alivyo, kesho sisi wote wawili hatuji."

"Makubwa! Leo umekunywa nini?"

"Yuko hapa anasikia. Na juzi alisikia."

Kwa mbali ilisikika sufuria ikiwekwa chini.

"Alisikia?" dada aliuliza. "Mungu wangu. Na wewe ukaniacha niropoke! Si ungekata simu!" Kisha sauti ikashuka. "Mwanangu, uko hapo?"

"Nipo, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Nisikilize. Mimi krimu hizo nimezipaka miaka kumi na miwili. Jua likiwaka sitoki, naungua. Vidole vyangu navificha kwenye mtandio kwa sababu vyenyewe vilikataa kubadilika. Nilidhani nakukinga na midomo ya ukoo, kumbe mdomo wenyewe ni huu wangu. Unisamehe."

Fundi miwani aliitazama simu. Hasira aliyoiandaa kwa ajili ya mwanamke huyu ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imepoteza pa kupiga.

"Imeniuma sana, dada," alisema. "Itachukua siku kuisha."

"Ichukue. Lakini kesho njoo, wifi yangu. Njoo ulivyo, na picha yako ilivyo."

"Wifi bado, dada. Hakuna mtu aliyeniuliza."

"Hajakuuliza? Wewe mtoto! Watu nimewaalika, nyumba nimeipamba, na hujamuuliza?" Simu ikakatwa kwa kishindo.

Walibaki wawili na ile mashine. Bwana Rangi alijipapasa mifukoni, akapata kalamu, kadi ya kijivu na kipande kidogo cha plasta, kile kile cha siku ya kwanza, alichokuwa hajakirudisha. Pete hakuwa nayo.

"Mpenzi wangu, je, utaku..."

"Nyamaza!" Alimwekea kidole mdomoni na kunyoosha mkono mwingine juu, kwenye taa ndefu nyeupe za darini. "Humu ndani? Kwa taa za duka?"

Akamshika mkono wa shati na kumvuta. Nje mwanga wa jua ulikuwa ukielekea kuisha, watu wakipita na mizigo yao wakirudi makwao. Alimsimamisha kizingitini, akamgeuza uso upande wenye mwanga, akamkagua kama alivyomkagua Jumamosi ile ya kwanza.

"Haya. Sasa uliza."

Akauliza, mbele ya wapita njia.

Msichana alimvuta kope kwa kidole gumba, la kushoto, kisha la kulia.

"Macho yamepona," alisema.

"Hilo ndilo jibu?"

"Jibu ni ndiyo. Lakini mimi utakuwa unanirekebisha mchana."